Kibuyu Nilichokiacha Ukutani

Kosa la mume wangu lilikuwa kungoja lori. Alikuwa ameketi na wakulima wengine kwenye kituo cha majani chai, magunia yamejaa, lori halijafika, kama kawaida yake. Akasema kwa sauti kwamba chifu hana haki ya kuswaga mbuzi wa watu na kuita hiyo harambee. Kesho yake askari wa utawala wakaja kumchukua. Amefanya mkutano bila kibali, wakasema. Watu wanangoja lori, eti mkutano!

Siku ya tisa akaja yule mwanasiasa mzee. Huku Litein nani hakumjua? Alikuwa bungeni miaka mingi, akafungwa kwa kuisema serikali, akatoka, akaendelea kuisema. Wakubwa walimwita msaliti. Alishuka kwa miguu kutoka barabarani, viatu vyote matope, mkononi bahasha yenye karatasi ya wakili. Alitaka nieleze tu jinsi mume wangu alivyochukuliwa, niweke sahihi, wakili apeleke kortini.

Kwetu mgeni hupewa mursik kwanza, maneno baadaye. Kibuyu cha hayo maziwa ya kuganda kilikuwa kimening'inia ukutani nyuma yangu, kimejaa. Sikukishusha. Mke wa mzee wa kijiji alikuwa uani kwangu akijifanya anatafuta kuku wake, na nilijua akiniona nampa yule mtu maziwa, chifu atakuwa na habari kabla ya saa kumi. Chifu alikuwa ameniahidi kwamba nikinyamaza, mume wangu atarudi Jumatatu. Mimi na kidato changu cha nne, karatasi naisoma vizuri, nikamwamini chifu.

Nikamwambia yule mwanasiasa sijui kitu. Mtoto alikuwa mgongoni analia.

Alikitazama kibuyu, akanitazama mimi.

"Mama, usijilaumu," akasema. "Ukiona ni sawa, mimi niko Kericho."

Akapanda kilima na kiu yake.

Jumatatu ikapita. Zikapita nyingine nne. Mwanamke mmoja wa Ndanai, ambaye mumewe alishikwa pamoja na wangu, aliweka sahihi. Wake alirudi wiki ileile, anatembea. Wangu walipomwachia alikuwa anakohoa damu, hawezi kuinua hata kikapu cha majani. Tulimzika kabla mahindi hayajabeba.

Kwenye mazishi chifu alipewa kiti cha mbele, akaongea juu ya amani. Ni shetani gani aliyempa kile kiti, mpaka leo sijui. Yule mzee alikaa nyuma, kwenye nyasi, na wachumaji. Hakuna aliyemwita aseme neno. Basi nikaingia ndani, nikashusha kibuyu, nikapita mbele ya magoti ya chifu, nikaenda kummiminia mzee.

"Nimechelewa," nikamwambia.

Alikunywa yote, polepole. Akafuta mdomo, akasema maziwa ni mazuri. Hakutaja karatasi. Ningeshukuru kama angenitukana.

Mtoto sasa anaongea. Ameanza kuuliza baba alishikwa kwa nini, na mimi namwambia alikuwa anangoja lori. Bado hajaniuliza mimi nilikuwa nafanya nini.