Gupi wa Marehemu Abubakari

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaa wa Mushasha, Gitega, Burundi. Anisia Nahimana amepiga magoti mbele ya tangi la kioo kwenye sebule ya mwalimu Nazario. Pazia limefungwa, tochi iko mkononi. Anahesabu vifaranga vya gupi, samaki wadogo wa mapambo; kila kifaranga kina urefu wa punje ya mchele. Juzi vilikuwa thelathini na kimoja. Leo ni kumi na tisa.

Tangini hakuna mzoga hata mmoja.

"Wakifa kwa ugonjwa unawaona chini," anasema bila kugeuka. "Hawa wanaliwa."

Nazario, anayefundisha baiolojia, anakunywa chai mlangoni. "Si ni hizo konokono, mama?"

"Konokono hawa hawali samaki mzima, Mwalimu. Hilo hamfundishi?"

"Mi nafundisha yenye iko ndani ya kitabu. Ya ndani ya maji ni yako."

Anisia, mwenye umri wa miaka 43, husafisha matangi ya samaki majumbani. Alikuwa mfanyakazi wa ndani wa mgeni aliyeondoka miaka tisa iliyopita na kumwachia tangi, mpira wa kunyonyea uchafu na lenzi. Kazi yenyewe, anasema, ni kutambua. Uzi mweupe wenye mikono kama nywele ni haidra. Mnyoo bapa wenye kichwa cha mshale ni planaria. Mnyoo mwembamba unaojinyonganyonga majini hauna madhara, ila unaonyesha kwamba samaki wanalishwa kupita kiasi. Wateja huviita vyote minyoo, na huomba dawa.

Dawa ndiyo iliyomponza mjini Muyinga.

Huko anaishi Fatouma, mjane wa fundi cherehani Abubakari. Marehemu alizalisha gupi wa mkia mweusi kwa miaka kumi na minne, akichagua mwenyewe dume na jike. Machi mwaka huu, tangi lilijaa konokono. Anisia alikulia Kasulu, Tanzania, ambako baba yake alipulizia mibuni ya watu mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba. Aliwahi kuona konokono wakifa chini ya mibuni hiyo. Alitia majini kiasi cha ncha ya kisu.

Kesho yake konokono wote walikuwa wamekufa. Mizoga yao ilipoanza kuoza ilimaliza hewa majini, na shaba ikafanya yaliyobaki. Siku ya tatu, samaki wote sitini na wawili walikuwa wakielea.

"Nilimuuliza, we Anisia, samaki ya mzee wangu ilikuwa kahawa?" anasema Fatouma kwa simu. "Cherehani niliuza. Nguo zake niligawa. Samaki ndiyo ilikuwa imebaki. Voilà, naye akaziua."

Alimpa sharti moja: alete samaki wa ukoo uleule, la sivyo asikanyage kwake tena. Habari ilifika Gitega haraka. Kati ya matangi kumi na moja aliyokuwa akihudumia, Anisia amebaki na manne.

Ukoo huo ulibaki kwa Nazario pekee, aliyeuziwa dume mmoja na majike wawili kutoka tangi la Abubakari mwaka jana. Dume alikufa, lakini jike wa gupi huweza kuzaa hata miezi kadhaa baada ya kupandwa. Majike wamezeeka. Vifaranga hivi huenda vikawa vya mwisho.

Anisia anatoa majani ya majini, shina moja baada ya jingine, na kuyatikisa katika beseni jeupe. Aliyachuma kwenye bonde la Buraza ili vifaranga vipate maficho, kwa sababu gupi wakubwa hula watoto wao. Kwa kawaida huyaweka kwenye ndoo wiki mbili na kuyakagua kila siku. Safari hii aliyaweka siku mbili tu, kwa kuwa jike alikuwa ameanza kuzaa.

Shina la tano linadondosha mdudu wa kahawia, mrefu kama kucha ya kidole gumba. Ni lava, yaani kereng'ende mchanga anayeishi majini. Taya lake la chini hukunjwa chini ya kichwa, kisha hufyatuka na kumnasa samaki.

"Mwizi tumemshika," anasema Nazario. "Na we ndiye ulimfungulia mlango."

"Najua, Mwalimu."

Anamminya kwa koleo. Shina la nane lina mwingine, mdogo zaidi. Kereng'ende wengine hutaga ndani ya shina lenyewe, kwa hiyo majani yote yanatupwa. Badala yake Anisia anafunga nyuzi za sufu nyeusi kwenye jiwe na kulizamisha, ziwe maficho. Dawa hatumii tena, hata ya duka.

Siku tisa baadaye vifaranga ni kumi na sita. Vitatu vilivyozaliwa na mgongo uliopinda ameviondoa.

Jumamosi, gari likipata mafuta, atapeleka vinane Muyinga. Vinane vitabaki kwa Nazario kama akiba, endapo gari litakwama njiani.

Fatouma amekubali. "Alete. Lakini mkono wake hautaingia tena ndani ya maji yangu."

Anisia hapingi. "Nitasimama mlangoni nimweleze namna ya kuwamimina polepole, wayazoee maji. Asiponisikiliza watakufa mikononi mwake," anasema. "Na watu watasema ni mimi."