Siku Nilipokiombea Kimbunga

Huku Geita ninakopanga, jirani yangu ana bati moja lililong'oka msumari. Upepo ukianza tu, kwaru, kwaru, kwaru, nami naacha chochote nilichoshika. Wenzangu wananitania kwamba naogopa mvua. Si woga, jamani. Ni aibu ya zamani, na chini yake kuna wivu wa zamani zaidi. Leo nautoa, mnisitiri.

Naitwa Shija. Kwetu Usukumani jina hilo hulichagui, linakukuta. Mapacha wakizaliwa, wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na atakayewafuata ni Shija, apende asipende. Yaani hata jina langu lilikuwa linawataja wao! Mama aliitwa Mama Kulwa. Kanisani aliitwa Mama Mapacha. Mama Shija sikuwahi kulisikia, hata kwa kukosea. Dada zangu hao walishonewa magauni mawili ya kufanana, na yakiwabana nilirithi yote mawili, kwa hiyo nilipochoka na gauni moja nilihamia kwenye lingine lilelile. Watu walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Nilikuwa na miaka tisa redio iliposema kimbunga kinakuja. Kilikuwa kinaelekea pwani, baharini huko, mbali kabisa na kijiji chetu cha Shinyanga. Lakini habari ilipotoka kwa bodaboda ikafika kisimani, na kutoka kisimani ikafika kwa Bibi, mama yake Baba, kimbunga kilikuwa kimeshapanda treni na kuteremka Isaka, stesheni ya kwetu. "Ledio haidanganyi," Bibi alisema. Na kweli, mchana ule mawingu ya mashariki yakawa meusi kama sufuria ya kwenye kuni. Nani angembishia?

Hofu yetu ilikuwa mabati. Tulikuwa nayo kumi na mawili, mapya. Baba alikuwa machimboni Geita, na alichimba mwaka mzima ndipo tukaaga nyasi. Mama aliyafuta vumbi kwa macho kila asubuhi. Siku ile alipanda ngazi, akapanga mawe juu ya paa huku akiimba wimbo wa kanisani, sisi tukimpokeza kutoka chini. "Mungu yupo," alisema, "lakini hilo jiwe kubwa nipe."

Mawe yalipokwisha, Bibi akaleta lake. Mapacha, alisema, ni watoto wa mbula, mvua yenyewe, na mvua huwasikia. Wasimame mlangoni, wanyunyize maji na unga, waiambie ipite pembeni.

"Yaya, mama," Mama alikataa kwa adabu. "Nyumba hii inamtegemea Yesu."

"Huyo Yesu nani kamkataza kusikiliza mapacha?"

Walivutana hivyo hadi wakakutana katikati: mapacha wasimame mlangoni, lakini waombe kwa jina la Yesu. Bibi akapata mapacha wake, Mama akapata Yesu wake, mimi nikapata beseni la mtama, nikaambiwa nikawavutie kuku kwenye jiko la nje.

Jiko lile lilikuwa ng'ambo ya ua, la udongo na nyasi, linanuka majivu na mavi ya kuku. Niliwafungia kuku, halafu nikachungulia. Niliwaona mlangoni, mikono juu, magauni yanapepea, Bibi kawashika mabega. Mama kafumba macho nyuma yao. Jirani kasimama kwenye ua wake anasema amina. Wivu ulinishika. Nikapiga magoti kwenye majivu, nikaomba: "Mungu, leo usiwasikilize. Kilete tu hicho kimbunga. Kidogo."

Sijawahi kujibiwa haraka vile.

Upepo uliingia uani na vumbi, kisha mvua ya mawe. Nyasi za jiko zikaanza kuondoka juu yangu, kuku wakanipanda kichwani. Nikamwona Mama anatoka mbio nyumbani, kajifunika sinia kichwani. Bibi alipiga kelele: "Mama Kulwa, rudi! Mama Kulwa!" Hakugeuka. Nikajua kwisha mimi, amesikia nilichoomba, anakuja kunichapa.

Hakunichapa. Aliniangusha kwenye kona, akanilalia mzima mzima, midomo yake inacheza sikioni kwangu bila mimi kusikia neno. Ndipo mabati yakang'oka. Mlio ule ndio unaonifuata hadi Geita.

Upepo ulipopita, mabati matano yalikuwa yamelala kwenye shamba la dengu, yamekunjamana. Sote tulikuwa wazima. Na mnajua majirani walisema nini? Kwamba maombi ya mapacha yametuokoa! Nusu ya nyumba inaangalia mbingu, bado wanasifiwa wao! Lakini safari hii sikuweza hata kununa. Nilijua nani kayang'oa mabati ya Baba. Nilinyamaza na siri hiyo miaka kumi na nne.

Mwaka jana nilikwenda likizo. Tulikuwa tunachambua dengu mimi na Mama, bati likalia, nikaropoka yote. Nilitegemea atashtuka. Alicheka hadi akamwaga ungo.

"Ng'wana wane, mwanangu, wewe ndiye uliyeyang'oa?" Akafuta machozi. "Wewe uliomba jikoni. Mimi niliomba pale uani, nikikufuata. Nilimwambia Mungu, achukue mabati yote, ila huyo mtoto aniachie. Yote kumi na mawili nilimpa. Akachukua matano tu."

Mabati yale aliyokuwa akiyafuta vumbi kwa macho! Na mimi nilikuwa chini yake pale pale, sikio langu midomoni mwake, nikiwaonea wivu watoto waliosimama mlangoni.

Nilimuuliza kwa nini hakugeuka Bibi alipomwita.

Alichota dengu, akazipepeta kwanza. "Alikuwa anamwita Mama Kulwa," alisema. "Mimi saa ile nilikuwa Mama Shija."