Vizibo Juu ya Uso wa Gitaa

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, shangazi yangu hugonga vitu. Hukunja kidole cha kati na kugonga mlango wa chumbani, kisha meza, kisha ndoo ya maji, huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza umbeya nyuma ya ukuta. Kinacholia vizuri hukisifu. Kinacholia vibaya hukitukana. Siku niliyohamia kwake nikiwa na shahada yangu ndani ya bahasha, alinigonga utosini, akasikiliza, akasema, "Humu mmejaa. Kitu kilichojaa hakilii. Haya, karibu, mwanangu, chai iko jikoni."

Ni fundi seremala. Mtaani wanamwita Gongagonga, naye huitika. Karakana yake ni chumba kirefu chenye paa la bati, kati ya kinyozi na muuza magodoro, na kinachomlisha ni vitanda, makabati na fremu za milango. Zamani alifanya kazi humo pamoja na mdogo wake, ambaye ni baba yangu. Mchana baba alipiga randa, jioni alipiga gitaa kwenye bendi, lile la sauti ya juu linalopanda na kushuka peke yake. Ndiyo maana hadi leo watu wanamwita Solo. Kisha siku moja randa ya umeme ikampitia mkono wa kushoto, ikaondoka na kidole cha pete na kidole cha mwisho.

Baba aliliuza gitaa, akaenda kuwa mlinzi kwenye ukumbi wa utamaduni. Shangazi aliipeleka ile mashine uani, akaifunika turubai, akarudia randa ya mkono. Kila akiipita huipiga teke. Baba hakuingia tena karakanani. Akija kumjulia hali dada yake hukaa nje, kwenye benchi la kinyozi, na wanaongea kwa kupaziana sauti dirishani. Habari ya mkono haiguswi. Katika familia yetu jambo likiwa zito tunalipisha njia, kama lori la mizigo.

Mwaka jana, kwenye simu ya kinyozi, shangazi alimwona mtu akipiga gitaa la ajabu. Lilikuwa na nyuzi sita kama gitaa lolote, lakini begani lilichomoza mkono wa pili, mnene, uliopinda kama shingo ya bata, na kutoka kwenye mkono huo zilishuka nyuzi nene za besi. Gitaa la kinubi. Besi zake hazibanwi kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba cha kulia huzidokoa tu, nazo hunguruma. Hata usipozigusa, ukipiga nyuzi nyembamba, zile nene huitikia chini kwa chini, kama mashemeji wanaoitikia hadithi wasiyoisikia vizuri. Shangazi alimwambia kinyozi arudie, na arudie tena, hadi mteja mwenye povu kwenye nusu ya kidevu akalalamika.

"Besi zinajilia zenyewe," shangazi alisema. "Mkono wa kushoto unabaki na kazi ndogo."

Hakuna aliyemuuliza mkono wa kushoto wa nani.

Akaanza kutafuta. Mbao mpya za dukani alizigonga, akazirudisha. "Mbichi hizi. Zinasema ndiyo kwa kila mtu." Uso wa gitaa aliupata kwenye mlango wa darasa katika shule iliyokuwa ikibomolewa: ubao wa msonobari uliokaushwa na jua la miaka na kubamizwa na vizazi vya watoto. Ule mkono wa pili aliukata kutoka kwenye bomba la kitanda cha hospitali, kwa kuwa ndani lina uwazi na sauti hupita humo hadi kutokea juu. Mgongo ulikuwa sinia la alumini. Besi zilikuwa waya za breki za baiskeli. Kidaraja cha kubebea nyuzi kilichongwa kwenye mfupa wa goti la ng'ombe. Muuza nyama aliuliza kama ni wa supu, akaambiwa ni wa muziki, akaongeza mwingine kwa huruma.

"Gongagonga!" muuza magodoro alipaza sauti. "Mlango unao, kitanda unacho, sinia unalo. Ukiongeza mume, nyumba imekamilika!"

"Mume nilimgonga wa kwanza," shangazi akajibu bila kuinua kichwa. "Hakulia."

Nalisema hili wazi kwa sababu ndilo lililokuja kukanyagwa: hakuokota kitu kwa sababu ya shida. Mbao nzuri zilikuwa zimeegemea ukuta wake mwenyewe. Kila kipande alikichagua kwa sikio, na alivyovikataa ni vingi kuliko alivyovichukua.

Lilipokamilika, alimpitishia baba dirishani. Baba akalipokea kwenye benchi. Vidole viwili vilivyobaki vikatafuta mahali pao shingoni, gumba la kulia likashuka kwenye besi. Kinyozi akazima mashine yake. Baba alipiga wimbo, akakosea, akacheka, akaurudia, na sura yake ikawa ya mtu aliyerudishiwa viatu vyake baada ya kutembea peku muda mrefu.

Wiki chache baadaye akaja mbio. Ukumbi wao ulikuwa ukiandaa maonyesho.

"Dada! Mkurugenzi ameniona na gitaa nikiwa zamu. Anataka nipige siku ya ufunguzi. Mimi!"

"Wewe nani?"

"Mimi Solo!"

Shangazi alijifuta macho, akasingizia vumbi la mbao. "Lipeleke. Ila uso wake usiguswe na mtu. Uso ndio unaopumua."

Siku ya ufunguzi tulikwenda wawili, shangazi akiwa amevaa viatu vinavyombana. Mlangoni tulimkuta baba amevaa sare ya ulinzi.

"Mbona umevaa kofia?" shangazi akauliza. "Utapigaje umevaa kofia?"

Baba alitazama vigae. "Ingieni tu, dada."

Gitaa lilikuwa katikati ya ukumbi, juu ya sanduku jeupe, chini ya taa. Uso wake wote ulikuwa umebandikwa vizibo vya soda, vyekundu na vya manjano, kimoja kando ya kingine kama magamba ya samaki. Kwenye mkono wa besi walikuwa wamegandisha makopo yaliyopondwa. Kibao mbele yake kilisema TAKATAKA ZINAZOIMBA. Nyuma, kwenye spika, lilikuwa likisikika gitaa la mtu mwingine, la kurekodiwa.

Mkurugenzi alitujia akiwa amenyoosha mikono yote miwili. "Mama yetu mwenyewe! Hongera! Wageni hawaamini kwamba hii yote ni taka."

"Vizibo hivi vimetoka wapi?"

"Hivyo tumeviongeza sisi, kidogo tu. Unajua, mama, lilivyokuja lilikuwa linaonekana kama gitaa."

"Ni gitaa."

"Naam, naam. Lakini mtu akilitazama haoni taka. Ujumbe unapotea."

Shangazi alikunja kidole chake cha kati, akagonga uso wa gitaa katika kinafasi kilichobaki kati ya vizibo. Pu. Kama kugonga gunia la unga. Akagonga tena, akiwa ameinamisha kichwa, akisubiri. Nimemwona akizika watu. Hakuwa na uso ule.

"Mmemgandisha mtu mdomo kwa gundi," akasema, "kisha mmemwandikia kibao kwamba anaimba."

"Mama, tafadhali, sauti. Kuna wageni."

"Sauti ndiyo iliyonileta!"

Watu waligeuka. Mimi, ambaye huomba radhi hata nikikanyagwa, nilitamani kulipiga teke lile sanduku jeupe. Kazi ya mwanamke aliyesikiliza mbao miezi na miezi, mtu aliiangalia akaona imekosa uchafu, akauongeza!

"Mlango huu ni taka?" shangazi aliuliza. "Umewahi kuugonga? Ungeniambia unataka jalala, ningekuletea jalala, maana liko nyuma ya kwangu, halihitaji nyuzi. Na mpigaji wako yuko wapi?"

"Tuliona kwamba Solo... mlangoni pia anahitajika. Na ule mkono wake, mbele ya wageni, ungewashtua watu."

Shangazi aligeuka, akamtazama mdogo wake aliyekuwa amesimama kwenye mlango na tochi kiunoni.

"Wakati wanabandika, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, dada."

"Ukawaona?"

"Niliwaona. Lakini bosi alisema..."

"Mdomo nao ulikatwa na randa?"

Ile spika ya kijinga iliendelea kupiga. Baba alificha mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa kati yao tangu siku ya ajali.

Shangazi alilinyanyua gitaa, makopo na vizibo vyake vyote, akaanza kutembea.

"Mlinzi!" mkurugenzi akaita. "Hicho ni kitu cha maonyesho. Zuia mlango!"

Mlango ule ulikuwa wa pande mbili, na upande mmoja tu ndio uliokuwa wazi. Gitaa, na mkono wake uliotanuka begani, lisingepita hapo bila kugongwa. Shangazi alisimama mbele ya baba. Walitazamana. Baba angeweza kubaki vile vile tu, bila kufanya lolote, na bosi wake angeridhika. Badala yake alivua kofia, akaiweka sakafuni, akainama na kupambana na komeo la chini la upande wa pili, lililoshika kutu kwa kutofunguliwa, akilivuta kwa ule mkono wenye vidole viwili na gumba, hadi likatoka kwa mlio mkali. Akaufungua mlango wote.

Shangazi alipita bila kumwambia asante.

Kuondoa vizibo kulichukua siku nyingi. Alipasha kisu moto, akakipenyeza chini ya kila kizibo polepole, na kila kimoja kilipong'oka kilitukanwa peke yake, na mama yake mkurugenzi aliyezaa mtu asiye na masikio akatajwa pia. Uso wa mlango ulibaki na makovu ya duara. Mahali pengine gundi iliondoka na nyuzinyuzi za mbao. Shangazi alilainisha kwa msasa, akagonga, akasikiliza, akalainisha tena. Baba, ambaye alifukuzwa kazi, alikuja kila siku na kukaa kwenye benchi la kinyozi, akitazama barabara. Dirishani halikupita neno.

Jana alasiri shangazi alifunga besi ya mwisho, akaikaza. Akaidokoa kwa kidole gumba. Ilinguruma kwa ndani, ikiwa na mkwaruzo kidogo ambao zamani haukuwepo, na zile nyuzi sita zikaitikia. Hakutabasamu. Alikuwa ameshika gitaa kama mtu anayetaka kumpiga nalo mtu mwingine. Nilikuwa na swali moja, na nililikalia siku zote zile kwa woga.

"Shangazi, bado una hasira na baba?"

"Ninazo," akasema. "Mwite aingie ndani. Akikaa huko nje hatasikia besi."