Mikono ya Mkufunzi

Muuguzi anayewafundisha wenzake wa Lodwar na Kakuma kuzuia maambukizi hospitalini ana mikono iliyokauka kwa kunawa. Hata akizungumza, vidole vyake husuguana. "Ukishamgusa mtu, takasa mikono," huwaambia, kwa sauti ya chini isiyobembeleza. Siku mama mkwe wake alipofika wodini kutoka Nakalale, wanafunzi walimsalimu kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaigeukia sanitaiza, vile vile alivyowafunza. Bibi akakitazama kiganja chake. "Kwani nimewaletea uchafu, mwanangu?" Mkufunzi alikosa pa kuuweka uso. Akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili, asijipake kitu, kisha akaificha nyuma. Hakumgusa mgonjwa yeyote mpaka bibi alipoondoka.