Chumba cha Uani

Watu wengi wanaoishi na sauti za wafu husema huzisikia usiku. Ya Bi Taipu ilikuja saa nne asubuhi, jua limeshakolea na vyombo vya chai vimeshaoshwa. Ilitoka uani: mguu unakanyaga cherehani, unapumzika, unakanyaga tena. Akifungua mlango wa jikoni hakuti kitu, ila sakafu ya saruji iliyobaki peke yake katikati ya majani, kama kiraka kwenye nguo nzuri.

Mtaa wenyewe ulikuwa wa viwanja vikubwa, michongoma iliyokatwa sawasawa, nyumba moja katikati ya kila kiwanja, na kibao cha mbwa mkali getini hata kwa wasiofuga mbwa. Ukizunguka dunia utaukuta mtaa huo mara nyingi. Kinachobadilika ni lugha ya kibao tu.

Bi Taipu alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alikuwa mpiga chapa wa idara ya maji kwa miaka thelathini, na katibu wa jumuiya ya wakazi kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka nani alimchagua. Jina la utani alilipata kwa tabia yake ya kurudisha barua yenye mkato mmoja uliokosekana. Sasa halmashauri ilitaka kubadili kanuni: pale paliporuhusiwa nyumba moja, ziruhusiwe tatu, au jengo la ghorofa nne. Mtaa ulichachamaa.

Ijumaa, mwenyekiti wa jumuiya alibisha hodi na karatasi mkononi. Alikuwa daktari wa meno mstaafu, na mpaka leo akizungumza na mtu humtazama mdomoni.

"Bi Taipu, upo? Au umekwenda kununua wino?"

"Karibu, Mwenyekiti. Futa miguu."

"Kesho tunawasomea halmashauri pingamizi. Msomaji ni wewe. Nikisoma mimi watasema mzee analinda bustani yake. Ukisoma wewe, hakuna atakayethubutu kukohoa."

Bi Taipu alivaa miwani. "Nani kaandika hii? Ukurasa wa kwanza tu una makosa sita."

"Si ndiyo maana nimekuletea!"

Alisahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka aya ya tatu, akasimama hapo. Ilisema kwamba tangu mtaa uanzishwe hapajawahi kutokea mtu akaishi katika jengo la pili ndani ya kiwanja, na kwamba wakazi wenyewe wameilinda kanuni hiyo bila kumwonea mtu.

"Hii aya ya tatu," alisema.

"Ina kosa?"

"Kosa la kuandika halina."

Mwenyekiti alimtazama mdomoni. "Basi isome kama ilivyo. Ya zamani yamekwisha, dada yangu."

Ya zamani yalikuwa hivi. Miaka ishirini na sita nyuma, halmashauri iliomba orodha ya majengo yote ya uani, na kila jengo linatumika kwa kazi gani. Wakazi walijaza fomu, katibu akazichapa. Kila mtu alijua cha kuandika: stoo. Mwenyekiti naye aliandika stoo ya vifaa vya bustani, ingawa humo alilala dereva wake na mkewe, na ikawa stoo pekee mjini iliyokuwa ikiamka alfajiri kulilia titi. Bi Taipu alichapa zote bila kugusa herufi. Stoo, stoo, stoo. Alipofika kwenye kiwanja chake aliandika: chumba cha kulala, mkaaji, mdogo wa mwenye nyumba.

Mdogo wake alikuwa amefiwa na mume, akaja na cherehani na binti wa miaka tisa. Alishona sare za shule. Wateja walisimama getini tangu asubuhi, vipande vya uzi vikatambaa mpaka sebuleni, mtoto akacheka kwa sauti saa ya kupumzika. Bi Taipu hakuwahi kulalamika. Kwa miaka mingi alijiambia kwamba aliandika ukweli kwa sababu hajui kuandika uongo. Lakini zilikuwapo asubuhi, saa nne ikigonga, alizokumbuka jinsi ukweli ule ulivyomfaa.

Halmashauri ilipoagiza chumba hicho kibomolewe, notisi aliichapa mwenyewe kama katibu, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni, akavuka ua na kumkabidhi mdogo wake mkononi.

"Dada, si ungeandika stoo tu?"

"Siwezi kuandika uongo."

Mdogo wake alicheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka. "Haya, basi nihamishie ndani. Una vyumba vitano, Dada. Au navyo umeviandika stoo?"

Bi Taipu alisema atafikiria. Alikuwa bado anafikiria siku lilipokuja gari la kubomoa. Mdogo wake alihamia upande wa pili wa mji, kwenye chumba kinachotoa maji ukutani, na kifua kikambana. Aliyaona masika mawili. Ya tatu hakuyamaliza. Binti alikua, akawa nesi. Kila Jumapili alimpigia mama yake mkubwa kumjulia hali. Habari aliyopewa ni moja tu: halmashauri ilituma watu.

Kwa hiyo hakuna mtu mtaani aliyeipenda kanuni ile kama Bi Taipu. Kanuni ikibaki, mdogo wake aliondolewa na sheria. Ikifutwa, aliondolewa na dada yake.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Watu wazima walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Mbele alikaa ofisa mipango miji, mwanamke kijana, na fomu katika mafungu mawili: wanaounga mkono na wanaopinga.

"Ghorofa nne!" alipiga kelele mzee mmoja. "Si watakuwa wananitazama nikioga?"

"Nani mwenye muda huo, mzee wangu?" alijibu mtu wa nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

Mwalimu wa darasa la pili alisimama. "Nafundisha watoto wenu. Kila siku natembea saa moja na nusu kuja, saa moja na nusu kurudi, maana hapa hakuna chumba cha kupanga. Mnataka nilale wapi? Kwenye kabati la chaki?"

Safari hii hawakucheka sana. Mwenyekiti akaashiria, na Bi Taipu akaenda kwenye kipaza sauti. Alisoma vizuri, kila nukta mahali pake. Aya ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Akafika kwenye ya tatu. Aliangalia maneno "bila kumwonea mtu", akavua miwani.

"Aya ya tatu ina kosa," alisema.

"Endelea tu, Bi Taipu," mwenyekiti alinong'ona. "Tutasahihisha nyumbani."

"Hii haisahihishwi nyumbani."

Akamtaja mdogo wake kwa jina. Hakuwa amelitamka mbele za watu tangu siku ya mazishi, na lilimtoka kavu. "Watu walikuwa wakilala kwenye majengo kumi na saba. Nilichapa stoo mara kumi na sita. Mahali pamoja tu palipoandikwa ukweli palikuwa pa mdogo wangu. Nilipaandika hivyo kwa sababu nilitaka aondoke."

Viti vilikwaruza sakafu. Majirani waliofahamiana nusu ya umri wao wakaanza kutazamana, kila mmoja akizihesabu zile stoo kumi na sita. Mwenyekiti, kwa mara ya kwanza, hakumtazama mtu mdomoni. Alitazama viatu vyake.

"Mama," ofisa alisema taratibu, "nikuandike wapi? Unaunga mkono au unapinga?"

"Andika nilichosema."

"Fomu haina nafasi hiyo."

"Basi igeuze. Andika nyuma."

Alitoka nje kabla hawajapiga kura. Jua la mchana lilimpiga usoni. Alijua habari itafika upande wa pili wa mji kabla ya jioni, na itafika ikiwa imeongezwa chumvi, kwa hiyo alitoa simu na kumpigia binti wa mdogo wake.

"Mama mkubwa? Leo si Jumapili. Unaumwa?"

"Siumwi. Nimemtaja mama yako mbele za watu. Si halmashauri iliyomtoa. Ile fomu niliijaza mimi, na ningeweza kuijaza vingine."

Upande wa pili wa simu magurudumu ya kitanda cha wagonjwa yalipita, mtu akaita nesi, mlango ukafungwa.

"Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango siku uliyoleta karatasi," binti alisema. "Nilisikia kila kitu."

Bi Taipu aliibana simu sikioni. "Muda wote huo? Na Jumapili zote hizo?"

"Nilikuwa napiga nione kama leo utasema."

"Mbona hukuniuliza, mwanangu?"

"Haikuwa kazi yangu kuuliza." Alivuta pumzi. Sauti yake haikuwa ya hasira wala ya msamaha. Ilikuwa ya mtu wa zamu, anayemsikiliza mgonjwa aeleze maumivu yalipoanzia. "Nina dakika kumi. Anza mwanzo, usiruke kitu."

Bi Taipu aliegemea ukuta wa shule, akaanza mwanzo.