Swali la Nne la Hojaji Yangu

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kwa tumbo kabla sijaikumbuka kwa kichwa. Nilikuwa nimeketi mbele ya meza ya msimamizi wangu, rasimu ya tasnifu yangu ya uzamili ikiwa katikati yetu. Alikuwa ameifungua ukurasa mmoja tu na kuuwekea kidole. Majuma saba yalikuwa yamebaki kabla usajili wangu haujafutwa. Nilikuwa nimekwisha kuongezewa muda mara mbili, na mara ya tatu haikuwapo.

"Mwikali," akaniambia, "hawa watu wote wana mbuzi kumi?"

Usicheke nikikuita mwanangu, wewe unayeanza utafiti wako. Mvi sina. Lakini mimi nilipewa jina la mama mzazi wa baba yangu, na kwetu Ukambani maana yake ni kwamba baba amekuwa akiniita mama tangu nilipokuwa natambaa. Aliyeitwa mama kabla ya kuota meno ana ruhusa ya kumshauri mtu yeyote.

Sasa nikueleze hao mbuzi walitoka wapi.

Utafiti wangu ulihusu jinsi familia za Kyuso, kule nyanda kame, zinavyopunguza mifugo kiangazi kinapokaribia. Mimi ni mtu wa Kikima, huku juu Mbooni, ambako mbuzi wa nyumba ni wawili au watatu na wote wamefungwa kamba. Nilifika Kyuso na kibali cha utafiti, barua ya chifu na mzigo wa hojaji. Siku zile nilitilia shaka kila kitu: mahubiri, wanasiasa, hata vitabu vya maprofesa wangu. Kitu kimoja tu sikukitilia shaka, nacho ni hojaji yangu.

Mwenyeji wangu alikuwa Mzee Kyalo, mfugaji na mzee wa kanisa. Aliisoma hojaji polepole, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, akafika swali la nne: Una mbuzi wangapi?

"Hili liache," akasema.

"Kwa nini, Mzee?"

"Huku mtu hahesabu mifugo yake kwa mdomo. Inaleta mkosi."

"Lakini Jumapili ulisimama mbele ya kanisa ukasema mkosi hakuna!"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Nilisema. Na nilipofika nyumbani niliwahesabu? Sikuwahesabu. Sikiza, mama. Jaribu kwanza kwa nyumba tatu, halafu uje tuongee."

Nyumba tatu tu. Kitabu cha mbinu za utafiti kilisema jambo hilo hilo, kwamba hojaji hujaribiwa kwa watu wachache kabla ya kupelekwa kwa wengi. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo, nikaipigia mstari, nikaipita. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza vibaya ni ujinga wenye cheti.

Basi nikaenda nyumba hadi nyumba bila kuijaribu. "Mbuzi? Andika kumi." "Ni kama kumi hivi." "Andika vile umeandika kwa jirani." Niliona watu wa Kyuso ni wepesi na wakarimu, wanajibu bila kunichelewesha. Mtu akikujibu upesi, mwanangu, jiulize kama amekujibu au amekuondoa.

Nikarudi Kikima, nikaandika sura tano juu ya mbuzi kumi. Nilichora hata vielelezo. Msimamizi hakupata sura hata moja mpaka zote zilipokamilika, kwa sababu nilitaka azione zimependeza. Hilo lilikuwa kosa langu la pili. Laiti ningempelekea sura moja ikiwa mbichi, angeniona napotea nikiwa bado karibu.

"Ama umepata kijiji ambacho Mungu amegawa mbuzi kwa usawa," msimamizi akasema siku ile, "ama hukuambiwa chochote. Hojaji uliijaribu?"

"Nilienda nyumba nyingi, Daktari."

"Mwikali. Uliijaribu?"

"Hapana, Daktari."

Akaifunga rasimu. "Basi hapa siwezi kutia sahihi."

Nje nilimkuta Mutuku, tuliyeanza naye masomo, yeye akiwa amebakiza masahihisho tu. Nilipomweleza akashika kichwa. "Wee Mwikali, kwani unaandika Biblia? Huyu mpe saba, yule mpe kumi na tatu. Nani atatoka hapa aende Kyuso kuhesabu mbuzi?"

Sitakudanganya kwamba nilikataa. Mchana ule ule nilifungua jedwali kwenye kompyuta na kubadilisha hesabu za nyumba kumi na moja. Ilikuwa rahisi mno. Nilipofika nyumba ya kumi na mbili, nikaona jina la mama mmoja aliyenipa uji wa mtama na kiti chake cha pekee. Nikajiuliza: huyu nimpe wangapi? Hapo nikaondoa vidole kwenye kibodi. Mimi niliyekuwa nikimdai mhubiri ushahidi, sasa nilikuwa nikizalisha mbuzi kwa vidole. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi; yangu ilikuwa imefika nyumba kumi na moja tu na tayari sikukumbuka ni nani niliyempa wangapi. Nikafuta jedwali lote, uongo wangu pamoja na zile kumi za watu, kwa kuwa hapakuwa na hesabu ya kweli hata moja. Kisha nikakaa nikiogopa nilichofanya. Sasa sikuwa na tasnifu mbovu. Sikuwa na tasnifu kabisa.

Nilimpigia simu Mzee Kyalo nikitarajia kukemewa. Akasema, "Umechelewa. Lakini njoo, na uvae viatu vya kutembea."

Alinipeleka kwa dada yake mkubwa, Susu Ndunge, yaani Nyanya Ndunge, ambaye kijiji kizima humheshimu na kumwogopa kidogo.

"Wewe ndiye ulikuja ukauliza kama mtoza ushuru?"

"Ni mimi, Susu."

"Ulikunywa maji yangu, ukauliza maswali yako, ukaenda. Mbuzi hata mmoja hukumwangalia usoni. Sasa ulitaka kujua nini kuwahusu?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kwa hiyo nikatoa daftari. Akafungua zizi. "Huyu wa sikio lililokatika ni mama ya yule mwekundu. Mwekundu alizaa mapacha. Mmoja ameenda na mahari ya mjukuu, mwingine ni huyu anayekula daftari lako. Huyu mweupe nitamuuza mvua ikikosa, kwa sababu hazai." Alinieleza kila mmoja, ukoo wake na hatima yake, bila kutamka nambari hata moja. Mimi nilichora mstari mmoja kwa kila mbuzi. Nilipoanza kujumlisha akainua mkono.

"Ukishajua, usiniambie."

Tulipokuwa njiani Mzee Kyalo akaongeza, "Tena kuna hili. Anayesema ana mbuzi wengi, jina lake hukatwa kwenye orodha ya chakula cha msaada. Kwa hiyo mkosi upo wa aina mbili." Mpaka leo siamini kwamba kuhesabu kunaua mbuzi. Ila naamini kwamba watu wana sababu zao, na mtafiti asiyezitafuta anakusanya hewa.

Nilitembea majuma manne, zizi baada ya zizi. Msimamizi alikubali nyumba chache, kwa sharti moja: kosa langu liandikwe lote katika sura ya mbinu. Kila jioni nilimtumia kwa simu picha za kurasa chache zenye vumbi, naye kila asubuhi akazirudisha zimejaa masahihisho. Siku ya mwisho nilikabidhi nakala, karani akiwa tayari ameshika funguo za ofisi.

Miezi kadhaa baadaye nilisimama kutetea tasnifu. Mtahini kutoka nje alianzia pale pale palipouma. "Wa kwanza walikudanganya. Kwa nini tuwaamini hawa wa pili?"

 Nilimwona msimamizi wangu akiweka kalamu chini.

"Wa kwanza hawakunidanganya," nikasema. "Niliuliza swali ambalo mtu mwenye adabu hawezi kulijibu. Mara ya pili mbuzi niliwaona mwenyewe zizini. Waliokuwa malishoni sikuwaona, na nimeandika hivyo."

Walinitoa nje, nikakaa kwenye benchi nikisikia sauti bila maneno. Waliponiita nilikuwa nimefaulu, nikiwa na masahihisho ya kufanya.

Basi sikia, mwanangu. Chagua swali unaloweza kulifuata kwa miguu yako. Lijaribu kwa watu wachache, na wakijibu upesi, ogopa. Msimamizi apate kazi yako ikiwa bado na aibu zake. Mficha uchi hazai. Andika mbinu zako siku hiyo hiyo ulipozitumia. Ukifaulu utetezi, usilale: wengi wamekwama kati ya makofi na nakala ya mwisho. Tilia shaka kila mtu, sawa, lakini anza na karatasi uliyoiandika wewe. Na ukikosea, liandike kosa hilo kabla mwingine hajaliandika.

Nenda. Mungu akupe msimamizi anayesoma, wenyeji wanaokuvumilia, na nguvu ya kufuta hata ulichokipenda. Macho yako yabaki mazima, mgongo wako unyooke. Na siku utakaposimama mbele ya jopo, pasiwe na sentensi hata moja unayoomba wasiiulize.