Nilivyompeleka mshenga Iceland, mama mkwe akamzoea

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Tabora na sijaongeza chumvi. Chumvi niliiongeza kwenye kitabu, ikaniponza.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nakaa Gongoni. Mchapishaji mmoja wa Dar alinipa kazi ya kutafsiri riwaya ya Iceland kwa Kiswahili. Kiaislandi sijui hata salamu. Nilipewa nakala ya Kiingereza, basi nikajiona mtaalamu wa Iceland, nikaanza kuvaa skafu. Na jua la Tabora mnalijua.

Nilikuwa na hamu kubwa ya kuona jina langu kwenye kitabu, hata mara moja tu.

Wakati huo mama mkwe alikuwa ametoka Kaliua kuja kutibiwa macho, akafikia kwangu. Kwa Wanyamwezi wa kizamani kama sisi, mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Nikiwa sebuleni, yeye yuko jikoni. Akitaka kitu anamtuma mke wangu: "Mwambie baba Neema." Tangu nioe tulikuwa tumeishia shikamoo na marahaba.

Jioni nikimsomea mke wangu nilichotafsiri, sufuria za jikoni zinanyamaza. Nikajua mama anasikiliza.

Sasa, wakuu, wale watu wa kwenye riwaya hawana shikamoo. Mtoto anamwita mzee wake kwa jina! Nikawawekea shikamoo, mambo yakawa shwari.

Kisha nikafika kwenye sura inayobeba kitabu chote. Kijana alilewa, kondoo wa ukweni wakafa kwenye theluji, anaenda kumwambia mama mkwe wake. Wapi? Kwenye bwawa la maji moto. Wote wawili wamo ndani, maji kifuani, wanatazamana.

Nikatazama mlango wa jikoni. Kalamu ikagoma.

Nikawatoa majini. Yule mama wa kitabuni nikamkalisha sebuleni, kijana nikamwacha nje kwenye baridi, nikatunga mshenga, Mzee Mayunga, apeleke habari. Mzee akasalimia, akaulizia mifugo, akaomba maji ya kunywa. Kurasa nne zikaisha kabla hajagusa kondoo.

Jioni nikasoma, jikoni kicheko. "Mwambie baba Neema, huyo mzee ana busara."

Kila jioni akawa anamuulizia. Ikabidi nimpe Mayunga sura nyingine mbili, na ng'ombe.

Mhariri akapiga simu, dada mmoja mkali kutoka Dar. "Mwalimu, Mayunga ni nani?"

"Ni mshenga."

"Iceland?"

Nikaanza kumweleza utamaduni. Akanikata: "Rudisha bwawa, la sivyo kazi anapewa mwingine."

Nikarudisha, roho inaniuma kama nimefukuza mgeni. Jioni nikamwambia mke wangu ile sura imebadilika, nikajaribu kuiruka.

Sauti ikatoka jikoni: "Mwambie asiruke."

Nikasoma. Bwawa, mvuke, kijana na mkwewe. "Nililewa. Kondoo wamekufa, kosa ni langu."

"Muulize, Mayunga yuko wapi?"

Nikajibu huku natazama dari kwamba hakuwepo, nilimtunga mimi.

Pazia likasogea, mama mkwe akasimama mlangoni, akaniuliza mimi mwenyewe: "Kwa hiyo kijana alisema kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo mama hakufa kwa aibu?"

"Hakufa."

Akavuta kigoda, akakaa palepale mlangoni. "Haya, soma. Nataka kujua hao kondoo wanalipwaje."

Nilisoma vibaya siku hiyo. Nilikuwa na furaha, wakuu, sifichi.

Somo nililopata: kitabu cha watu kipeleke kama kilivyo. Nilijidai namlinda mama asiaibike, kumbe mwoga ni mimi.

Kitabu kimetoka, jina langu lipo ukurasa wa ndani, herufi za kutafuta kwa miwani. Mama amesharudi Kaliua. Jana alipiga simu yangu, si ya binti yake, tukaongea mvua na tumbaku mpaka salio lake likaisha.

Haya, wenye wakwe, uwanja ni wenu. Wewe na wako mnaongea, au bado mnatumiana watu?